Kiti Kilichotazama Nyuma

Binti alichokiona kwanza ni kibanio cha nguo. Baba yake alikuwa amekibana kwenye mguu wa kushoto wa suruali.

Mwingine asingekiona. Lakini mtu aliyeendesha baiskeli miaka thelathini na minane kama mzee huyo, akipeleka barua na mafaili kutoka ofisi hii hadi ile, anajua kwamba mnyororo uko kulia na suruali hutafunwa kulia. Mguu wa kushoto hauna adui. Binti alikitazama kibanio kile cha plastiki ya buluu, kilichotoka kwenye kamba ya kuanikia nyumbani, na moyo wake ukashuka kama ndoo iliyokatikiwa na kamba kisimani.

Aliinama kama anayefuta pedali, akakibandua, akakibana kulia.

"Ahsante, mama," baba yake akasema. Alimwita hivyo tangu utotoni, kwa kuwa alirithi jina la bibi yake. "Ungefaa kuwa tarishi wewe. Macho yako hayalali."

Mzee akagusisha kadi kwenye nguzo, taa ikawaka kijani, kufuli likaachia. Akaitoa baiskeli namba mia mbili kumi na mbili, akapanda kwa adabu kama mtu anayeingia msikitini au kanisani, akaenda zake kandokando ya maji huku akipiga kengele, ingawa mbele yake hapakuwa na mtu.

Kituo chenyewe kilikuwa kando ya ziwa dogo la mjini, pale barabara ya magari inapokoma na njia ya waenda kwa miguu inapoanza. Baiskeli ishirini na nne, nyeupe na kijani, zilisimama kwa mstari, kila moja imeumwa gurudumu la mbele na chuma cha kufungia. Hazikuwa za mtu, zilikuwa za wote. Unakuja na kadi yako, unachukua, unazunguka ziwa, unapunga upepo, ukichoka unairudisha hapo au kwenye kituo kingine chochote. Wengi waliozichukua hawakuwa na safari. Walikuja wapenzi waliokimbia macho ya wazazi, wanawake waliotoka kazini na viatu vya visigino ndani ya mkoba, wanaume wenye vitambi walioamriwa na daktari. Walipanda, wakacheka, wakarudi na nywele zimevurugika.

Binti ndiye aliyekuwa akizitunza. Alifuta vumbi, akajaza upepo, akakaza nati zilizolegea, na zaidi ya yote akatambua wagonjwa. Kwa watu wa kazi ile, baiskeli mbovu iliitwa mgonjwa, na mgonjwa alikuwa na alama moja tu: kiti chake kiligeuzwa kikatazama nyuma. Anayeona kiti kimetazama nyuma hampi mteja baiskeli hiyo, na lori likipita asubuhi humpakia mgonjwa na kumpeleka karakana. Hakuna fomu, hakuna maelezo. Kiti kimeshasema.

Jambo hilo lilimfaa sana binti, maana yeye na maneno hawakuwa marafiki. Aliacha shule darasa la tano, na tangu wakati huo alizoea kungoja wengine waseme kwanza, akidhani wao ndio wanaojua. Dereva wa lori, mwanamume mnene aliyependa kuisikia sauti yake mwenyewe, alikuwa amempachika jina la Redio, kwa sababu tangu aanze kazi hajawahi kumsikia akitoa mlio.

"Redio, leo una betri?" humuuliza kila asubuhi akifungua bodi la lori.

Yeye hutabasamu na kuinua vidole viwili. Wagonjwa wawili.

"Haya. Zungumza nao kidogo basi, huenda wao utawajibu."

Kulikuwa na jambo jingine ambalo hata dereva hakulijua. Binti huyu aliyeweza kufumba macho, akaipapasa baiskeli na kukwambia njiti ipi ya gurudumu imelegea, hakujua kuiendesha. Nyumbani kwao baiskeli ilikuwepo siku zote, nyeusi, ndefu, imeegemea ukuta wa sebule, lakini ilikuwa ya ofisi. Baba yake hakumruhusu mtoto hata kuigusa kengele. "Mali ya watu hiyo," alisema, na wakaelewa. Siku aliyostaafu aliirudisha ofisini ikiwa imepakwa mafuta, akarudi nyumbani kwa miguu, akakaa kwenye kiti kinachotazama ule ukuta mtupu.

Alikaa hivyo miezi. Ndipo binti alipopata kazi ya kituoni, na wafanyakazi wakapewa ruhusa ya kumwandikia jamaa mmoja kadi. Akamwandikia baba yake. Siku ya kwanza mzee alizunguka ziwa lote, akarudi amekodoa macho kama mtoto aliyeiba asali.

"Mama, nimeendesha saa nzima na sikuwa napeleka kitu," alisema. "Kapu tupu. Mpaka kapu lenyewe linashangaa."

Tangu siku hiyo hakukosa. Saa nane na nusu mchana anafika, amechomekea shati, kibanio mguuni. Na hakutaka baiskeli nyingine ila ile aliyoipanda siku ya kwanza. Watu walicheka. "Mzee, hizi zote ni moja." Yeye akawajibu kwamba hata viatu vyote ni viatu, lakini havai vya jirani. Akikuta imechukuliwa, hungoja. Mwishowe binti akawa anaiweka mwisho wa mstari na kuiangikia ndoo yake ya maji kwenye usukani, ili wateja wapite waende.

Sasa, Jumatatu ile, kibanio kilikuwa kimehama mguu.

Jumanne mzee alirudi saa kumi na mbili kasoro, kituo kinakaribia kufungwa, na alipoulizwa alikokuwa akasema foleni ilikuwa ndefu. Foleni ya nini, hakusema. Jumatano hata saa ya kufunga ilipita hajarudi. Binti alifunga kibanda, akabaki amesimama na kitambaa mkononi, anaitazama njia ya ziwa inavyopoteza watu mmoja mmoja. Laiti angekuwa mwingine, angepanda mojawapo ya zile ishirini na tatu akamfuata. Yeye alizunguka kibanda. Alienda hadi kwenye mti wa kwanza, akarudi, akaenda hadi wa pili, akarudi, akiogopa kwamba akienda mbali mzee atatokea upande wa pili asimkute mtu.

Mwishowe mzee aliletwa na mlinzi wa ofisi za maji, mmoja ameshika usukani wa baiskeli, mwingine ameshika kiti, kama watu wanaosindikizana.

"Ni wako huyu, dada?" mlinzi akauliza. "Amekuja mapokezi, anataka mtu amsainie kitabu. Tukamwambia, mzee, kitabu kiko wapi? Hana kitabu. Tukamwambia barua iko wapi? Hana barua. Amekaa pale tangu saa tisa, hataki kuondoka bila saini."

"Ofisi za siku hizi," baba yake akasema, "hawana hata adabu ya kupokea."

Jioni ile binti alimweleza dada yake, mshonaji, ambaye cherehani yake ilikaa palepale ilipokuwa baiskeli ya ofisi zamani. Mama yao alikwisha kufariki, na nyumba ilikuwa ya hao watatu. Mzee alikuwa amelala mapema, wakasikia anavyokoroma nyuma ya pazia.

"Mwambie wewe," dada akasema bila kuacha kushona.

"Mimi?"

"Sasa nani? Mimi niko hapa na mashati ya watu. Wewe ndiye uliyemwandikia kadi. Mwambie, baba, leo hapana. Maneno matatu tu hayo."

"Nimejaribu."

"Umejaribu wapi?"

"Moyoni."

Dada alicheka mpaka akaweka mkasi chini. Kisha akaacha kucheka. "Moyoni hakuna anayesikia, mdogo wangu." Akavuta uzi, akaukata kwa meno. "Na mimi sikulaumu. Ukimkataza ile baiskeli atarudi kwenye kile kiti atazame ukuta, na sasa hata ukuta hakuna, atanitazama mimi. Tutakuwa tumemzika mzima. Sijui. Kweli sijui. Mwache basi, labda Mungu atakuwa anamrudisha."

Binti aliitikia kwa kichwa. Lakini usiku kucha aliona njia ya ziwa na yeye amesimama kwenye mti wa pili.

Alhamisi saa nane mchana, nusu saa kabla mzee hajafika, alikwenda mwisho wa mstari na spana namba kumi na tatu. Akatazama kushoto, akatazama kulia. Akalegeza nati, akakishika kiti cha mia mbili kumi na mbili, akakizungusha kikatazama nyuma, akakaza. Haikumchukua hata muda wa kumeza mate.

Mzee alifika, akaona, akasimama.

"Ni mgonjwa?"

Binti akaitikia kwa kichwa. Hakusema uongo kwa mdomo, na hilo lilimpa nafuu ambayo hakuistahili.

"Pole yake," mzee akasema. "Basi nitamngoja apone." Akakaa kwenye benchi la saruji mkabala na kibanda, mikono juu ya magoti, akiyatazama maji. Alikaa mpaka jioni. Mara mojamoja aliwaambia wapita njia habari za jua na upepo. Binti akamletea chai kwenye kikombe cha bati. Kwa mara ya kwanza wiki ile alifanya kazi bila kugeuka nyuma kila dakika, na walirudi nyumbani pamoja, mzee akihesabu nguzo za taa kwa sauti. Kabla ya kuondoka alikuwa amekirudisha kiti mahali pake, ili lori la asubuhi lisione kitu.

Ijumaa akafanya vilevile. Mzee akakaa vilevile. Ilikuwa siku nzuri, na uzuri wake ndio uliomponza, kwani jioni aliondoka ameshikana mkono na baba yake, akili imetulia kama maji ya mtungi, na hakukumbuka kukigeuza kiti.

Jumamosi asubuhi alikuta lori limekwisha fika. Msimamizi naye alikuwepo, kijana wa shati lililopigwa pasi, ana daftari, anakagua vituo vyote siku ile kwa sababu Jumapili mji mzima hutoka kuja ziwani. Dereva alikuwa ameshika mia mbili kumi na mbili kwa pembe, kama mbuzi.

"Huyu ana nini? Juzi tu nimemwona anakimbia."

Binti alifungua kinywa. Angesema, hana kitu, mwacheni. Na msimamizi angeuliza, kama hana kitu, nani amegeuza kiti, na kwa nini baiskeli ya umma inazuiwa wateja wasiipate siku mbili? Angelazimika kumtaja baba yake mbele ya lile daftari. Angelazimika kuanza mwanzo kabisa, kwenye kibanio. Aliyatazama maneno yote hayo yalivyo marefu, akachagua moja.

"Breki," akasema.

Dereva akamgeukia msimamizi. "Umesikia, bosi? Redio imeongea. Ujue breki zimekufa kweli." Akaipandisha juu ya lori pamoja na wagonjwa wengine wawili, akafunga bodi, akaondoka akipiga honi.

Asubuhi yote binti alijiambia kwamba karakana wataijaribu breki, wataikuta nzima, na Jumatatu wataileta. Siku mbili. Siku mbili mzee angekaa benchini.

Saa nane na nusu mzee alifika na kukuta chuma kitupu mwisho wa mstari. Alikitazama, akaigusa ile nafasi kwa mkono.

"Iko wapi?"

"Wameichukua, Baba."

"Nani kaichukua?"

"Lori. Iko karakana."

"Karakana ipi?"

"Ile iliyo nyuma ya maghala ya nafaka. Ng'ambo ya barabara kuu." Alinyoosha mkono wenye kitambaa. "Breki."

"Breki zake nzima."

"Ndiyo wanaangalia."

Mzee aliufuata mkono wake kwa macho, mpaka ulikoelekea na kupita hapo. "Sawa," akasema, akaenda kukaa.

Akaja mwanamke na watoto pacha, anataka kufungiwa viti viwili vya watoto, kimoja mbele kimoja nyuma, na kila pacha anataka cha mbele. Kazi ile ilichukua muda. Mama wao aliomba radhi, akacheka, pacha mmoja akalia, wakabadilishana. Walipokwisha kuondoka binti aliinua macho, na benchi lilikuwa tupu.

Alihesabu baiskeli. Hakuna iliyopungua isiyo na mteja. Hapo ndipo hofu ilipomshika barabara. Mzee akiwa na baiskeli alikuwa na sababu ya kurudi, kwa sababu baiskeli hurudishwa. Akiwa kwa miguu, hakuna kilichomtaka arudi.

Alimpigia dada yake. "Dada, Baba hayupo."

"Kachukua baiskeli?"

"Kaenda kwa miguu."

Akasikia cherehani ikinyamaza. "Mimi nisitoke," dada akasema, "huenda akaja huku. Wewe mtafute. Mdogo wangu, uliza watu. Tafadhali, uliza watu."

Kisha akampigia dereva.

"Nani mwenzangu?"

"Redio," akasema. Hakuwahi kujiita hivyo. Upande wa pili hapakuja mzaha wowote.

Haikupita robo saa lori likafika, tupu, bodi linagonga. Dereva alimwomba mlinzi wa bustani akae kibandani, akamvuta binti ndani ya kabini ya lori. "Bosi nitamwambia umeugua. Sasa tulia. Wazee wanapenda maji. Tuanze na njia ya ziwa, kituo kwa kituo."

Binti alijua mzee hayuko ziwani. Siku zilikuwa zimemtoka baba yake kichwani, majina nayo yalikuwa yanamtoka, lakini njia hazikumtoka. Aliijua mitaa yote ya mji ule kwa nyayo za magurudumu. Na binti alikuwa ameulizwa karakana ipi, akaonyesha kwa mkono wake mwenyewe. Lakini kusema karakana kulikuwa kama kuvuta uzi, na mwisho wa uzi ule kulikuwa na kiti. Akanyamaza, na lori likageuka upande wa ziwa.

Kituo cha kwanza hawakumwona. Cha pili mhudumu alisema amemwona mzee mwenye fimbo. Baba yake hakuwa na fimbo. Jua lilikuwa limeanza kulalia upande wa pili wa maji. Dereva alipangusa shingo.

"Lakini hakusema lolote? Mtu hainuki hivihivi. Alisema anakwenda wapi?"

Binti alitazama mikono yake. "Karakana."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu mwanzo."

Dereva alimtazama. Akageuza lori.

"Anafuata nini karakana?" akauliza baadaye, kwa sauti ya chini.

"Baiskeli yake. Mia mbili kumi na mbili."

"Ile ya breki."

"Ile."

Dereva alijisugua uso kwa kiganja. "Dada yangu, leo Jumamosi."

Binti hakuelewa. Dereva akamweleza polepole, akitazama barabara. Karakana vipuri havitoshi, na Jumapili ndiyo siku wanayohitaji baiskeli nyingi. Kwa hiyo Jumamosi, kabla ya kufunga saa saba, mafundi hawatengenezi kila mgonjwa. Wanachagua mmoja au wawili, wanawafungua, wanawagawia wengine. Gurudumu huku, usukani kule. "Mgonjwa akiingia Jumamosi hatoki. Ndiyo maana huwa nakuuliza ana nini. Ungesema tairi tu, ningemwacha mpaka Jumatatu."

Kwenye barabara kuu magari yalikuwa yamesimama na watu wamejikusanya kando, wanatazama kitu kilicho chini. Binti alifumba macho. Alihisi lori likisogea, likisimama, likisogea.

"Fumbua," dereva akasema. "Ni mkokoteni umepinduka. Vitunguu tu."

Alifumbua. Vitunguu vilikuwa vimesambaa mpaka katikati ya lami, na watu waliviokota kwa kukimbia, wakirudi nyuma kila gari lilipopita. Njia sita za magari. Mahali hapo, kwa miguu, mzee wa miaka sabini alikuwa amepita au hakupita.

Mlinzi wa karakana alikuwa anakula karanga kwenye lango.

"Mzee?" akasema. "Yupo ndani. Amenisalimia vizuri sana, akasema ana mzigo wa kuchukua. Nikaona amechomekea, nikajua ni mtu wa ofisini. Si kosa?"

"Si kosa," dereva akasema.

Binti alimshukuru Mungu. Halafu akaingia.

Ndani kulikuwa na uwanja wa saruji uliomwagikiwa mafuta miaka mingi. Magurudumu yalitundikwa ukutani kwa misumari, viti vimejaa kwenye pipa, fremu zimelundikwa kama mifupa ya ng'ombe. Mafundi walikwisha kwenda. Baba yake alikuwa amekaa juu ya kreti, magoti pamoja, na mbele yake ilisimama fremu moja iliyoegemezwa ukuta. Haikuwa na magurudumu, wala usukani, wala kengele, wala mnyororo. Kiti nacho hakikuwepo. Namba tu ndiyo iliyobaki, nyeusi juu ya nyeupe: mia mbili kumi na mbili. Viatu vya mzee vilikuwa vyeupe kwa vumbi, na soksi moja imelowa damu kisiginoni.

Dereva alivua kofia, akabaki langoni.

"Baba," binti akasema.

Mzee aliinua macho. Yalikuwa macho yaleyale, yenye upole uleule, lakini yalimpitia kama macho ya mteja yanavyompitia karani wa dirishani posta.

"Karibu, binti," akasema. "Wewe ndiye wa ofisi hii?"

Binti alichuchumaa mbele yake, akaanza kulegeza kamba za kiatu chenye damu, kwa sababu hilo aliliweza.

"Ahsante. Nimengoja sana. Hakuna hata mtu wa kunisikiliza." Mzee alisema bila hasira, kama mtu anayetoa taarifa. "Mimi si mtu wa maneno. Lakini baiskeli hii ilikuwa nzima. Ilikuwa na breki nzuri kuliko zote pale ziwani, nimezipima kwenye mteremko. Mtu mmoja kasema ni mbovu, na wenzake wakaamini, wakaifungua. Tazama. Sasa namtaka huyo mtu. Simgombezi. Nataka aniambie aliona nini mimi nisichokiona."

Binti alikivua kiatu. Ngozi ya kisigino ilikuja na soksi, na mzee hata hakushtuka.

"Nina binti anafanya kazi na baiskeli," mzee akaendelea. "Yeye angewaeleza. Anazijua zote. Tatizo lake hasemi. Toka mdogo hasemi. Huwa nakaa pale kwenye benchi namtazama, nasema leo huenda ataniambia, maana naona ana kitu. Lakini hasemi, na mimi siwezi kumlazimisha mtoto."

Nje dereva alikohoa. Binti alikishika kisigino cha baba yake kwa mikono miwili, akaona kwamba hakuna atakachosema kitakachoirudisha baiskeli ile wala kumrudisha mtu aliyeipanda. Dada yake hayupo wa kumsemea. Msimamizi hayupo wa kumwogopa. Kulikuwa na mzee mmoja tu, amekaa juu ya kreti, anangoja jibu la ofisi.

"Ni mimi," akasema.

Mzee akainama kidogo ili asikie vizuri.

"Ni mimi, Baba. Haikuwa na ubovu wowote. Nilikigeuza kiti mimi, kwa mkono wangu, kabla hujafika. Nilikuwa nimechoka kukungoja. Kila jioni nilichoka, na nilitaka usiende tena."